Alama Zote Katika Somo la Kujijua

Semina ya kazini ilikuwa ya kujitambua, na mimi niliingia kwa nia moja tu: kuwa wa kwanza. Usiniulize mtu anakuwaje wa kwanza katika kujitambua. Nilikuwa na rula, kalamu za rangi mbili, na daftari lisilo na neno hata moja lililokatwa, kwa sababu nikikosea nachana ukurasa na kuandika upya. (Daftari lenyewe lilikuwa limebaki jembamba.)

Mwezeshaji alianza na watu wasiovumilia dosari. Akasema wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett, mwaka 1991, waliwagawa mafungu matatu: anayejidai ukamilifu yeye mwenyewe, anayewadai wenzake, na anayeamini kwamba wenzake ndio wanaomdai yeye. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, mtu akiwa nazo zote tatu, ndiyo amepata alama zote?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nauliza kwa dhati.

Likaja zoezi la Dirisha la Johari, lililobuniwa na Joseph Luft na Harrington Ingham mwaka 1955. Unachora mraba, unaugawa vyumba vinne. Unapewa orodha ya sifa, unachagua tano au sita zinazokufaa, na wenzako nao wanakuchagulia. Mlizokubaliana zinaingia chumba cha wazi. Ulizojipa peke yako, chumba cha siri. Wanazoziona wao nawe huzioni zinakwenda chumba cha upofu. Cha nne ni cha yale asiyoyajua yeyote. Papo hapo nikaamua kwamba changu cha upofu kitabaki kitupu.

Sasa ile orodha. Jamani, haikupangwa kialfabeti! Mtu atajijuaje kwa orodha iliyovurugika? Nikaanza kuinakili upya. Nilipofika herufi M, mwezeshaji alikuwa tayari anakusanya karatasi, ikabidi sifa zangu nizichague mbio mbio: mtulivu, mvumilivu, mwepesi wa kushaurika, basi nikatoa.

Karatasi za wenzangu zikasomwa kwa sauti. Orodha walikuwa wameiweka pembeni, kila mtu kaandika la moyoni. "Nikimtumia ripoti inarudi imejaa wino mwekundu." "Alinisahihishia kadi ya pole." Hiyo ya kadi nilitaka kuifafanua, maana koma ilikaa mahali pabaya kabisa, ila nikajizuia. Ya tatu mwezeshaji aliipenda mno, akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa: ANASAHIHISHA WATU WASIOMUOMBA.

Nikatazama ubao. Nikatazama sakafu. Naapa nilijaribu. Jasho likaanza kunitoka kwenye viganja.

"Ni wasiomwomba," nikasema. "Kwa W."

Ukumbi ulinyamaza kidogo, halafu ukalipuka. Mzee mmoja wa idara ya hesabu alicheka hadi akavua miwani. Mwezeshaji mwenyewe aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Alipopata nafuu akafuta U, akaweka W. Nikamshukuru.

Chumba changu cha upofu kilijaa hadi maneno yakavuka mstari, jambo lililoniuma kuliko maneno yenyewe. Nikaomba karatasi nyingine nikichore kipana zaidi. Nikanyimwa.

Jioni tukagawiwa vyeti. Kwenye changu, jina langu lilikosa herufi moja. Nikainua macho, nikakuta ukumbi mzima unanitazama, wengine wamesimama ili waone vizuri. Nikatabasamu.

"Asante," nikasema. "Kizuri sana."

Wakanipigia makofi. Mwezeshaji alinishika mkono akautikisa kama aliyeponya mgonjwa.

Haukupita muda, dada mmoja tunayekaa naye ofisi moja akanikuta kwenye korido, cheti nimekibana ukutani, ulimi nje, naichomeka ile herufi kwa kalamu nyeusi.

"Usimwambie mtu, dada."

"Simwambii," akasema. Akasogea, akafumba jicho moja, akakitazama cheti. "Ila umeipandisha juu kidogo."