Sekunde ya Shin A-lam: Kosa Lilikuwa la Saa, na Sheria Ikalikingia Kifua

Kila Michezo ya Olimpiki inapokaribia, picha ya Shin A-lam wa Korea Kusini akiwa ameketi kwenye ulingo wa vitara, yaani mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba, mjini London, machozi yakimtiririka, huanza kuzungushwa upya mitandaoni, na kila mara wanaoizungusha hutafuta mtu wa kumlaumu. Wapo wanaomlaumu mpinzani wake, wapo wanaomlaumu mwamuzi, na wapo wanaomlaumu mtunza muda aliyekuwa akibonyeza saa. Maoni yangu ni kwamba wote watatu wanabebeshwa mzigo usio wao. Shin alinyimwa fainali na saa isiyofaa kwa mchezo wenyewe, kisha akafungiwa mlango na sheria iliyoipa saa hiyo ulinzi ambao haikustahili.

Pambano lilikuwa la nusu fainali ya epee, moja ya silaha tatu za mchezo huu, kwa wanawake, tarehe 30 Julai 2012, katika ukumbi wa ExCeL, na mpinzani wa Shin alikuwa Britta Heidemann wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Katika hatua hiyo mchezaji hutafuta mapigo 15 ndani ya vipindi vitatu vya dakika tatu tatu, lakini wawili hawa walichungana kiasi kwamba muda uliisha wakiwa 5-5. Ikaja dakika moja ya nyongeza, ambayo pigo la kwanza humaliza kazi. Ili wachezaji wasiendelee kutegeana, kabla ya dakika hiyo hupigwa kura ya kumpa mmoja wao kipaumbele, yaani muda ukiisha bila pigo lolote kuhesabiwa, ushindi ni wake. Kura ilimwangukia Shin. Heidemann hakuwa na njia nyingine ila kushambulia, naye Shin alihitaji tu kuvuka salama.

Alikaribia sana kuvuka. Saa ilipofika sekunde 1, Heidemann alishambulia, wakapigana kwa pamoja, na pigo halikuhesabiwa. Wakarudi kwenye mistari yao, na saa ikaendelea kuonyesha 1. Akashambulia tena, na saa ikaonyesha 1 ile ile. Katikati ya vuta nikuvute hiyo saa ilifika sifuri, kisha ikarudishwa kwenye 1, na wachezaji wakaamriwa kuanza upya. Katika shambulizi la mwisho taa ya Heidemann iliwaka peke yake, matokeo yakawa 6-5, na kocha wa Korea akaanza kulalamika kwa sauti ambayo hata asiyejua Kikorea aliielewa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Heidemann hakufanya kosa lolote. Alishambulia kila mwamuzi alipotoa amri ya kuanza, na hakuna mchezaji wa daraja hilo ambaye angesimama na kusema kwamba sekunde yake imekwisha. Tena yafaa ikubaliwe kwamba shambulizi moja la epee, kwa mtu mwenye mguu mwepesi kama wake, linaweza kabisa kukamilika kabla ya sekunde moja kuisha. Lisiloingia akilini ni sekunde moja kuwatosha watu kushambuliana mara kwa mara bila kupungua.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama silaha yenyewe. Katika silaha nyingine mbili za mchezo huu, wachezaji wakipigana pamoja mwamuzi huamua nani alikuwa na haki ya shambulizi; katika epee hakuna hilo, mashine ndiyo inayosema. Ncha ya silaha ikibonyezwa kwa uzito wa gramu 750, taa huwaka, na mapigo mawili yakifuatana ndani ya takriban sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, mashine huyahesabu kuwa ya pamoja. Vifaa hivyo vya umeme viliingia katika epee ya Olimpiki tangu Berlin mwaka 1936. Kwa maneno mengine, kufikia mwaka 2012 mchezo huu ulikuwa na zaidi ya miaka 70 ya kuyatenganisha mapigo kwa vipande vidogo vya sekunde, na bado muda wa pambano ulionyeshwa kwa sekunde nzima nzima, na kuanzishwa kwa kidole cha binadamu. Namba 1 iliyokuwa ubaoni haikumwambia mtu yeyote kama iliyobaki ni sekunde kamili au kipande chake. Aidha, mtunza muda husikia amri ya mwamuzi kwanza ndipo abonyeze, na katika kusikia na kubonyeza huko, hata kwa kijana mwenye masikio makali, hupotea karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Ni kupima dhahabu kwa mizani ya magunia ya mahindi, kisha kumgombeza mpimaji.

Saa mbovu ingeweza kusamehewa kama sheria ingewapa waliosikiliza malalamiko uwezo wa kuirekebisha. Haikuwapa. Kanuni za mchezo zilisema kwamba saa ikiharibika au mtunza muda akikosea, mwamuzi mwenyewe ndiye anayekadiria muda uliobaki. Korea iliwasilisha rufaa rasmi, ikatakiwa kuweka fedha za dhamana ili rufaa isikilizwe, na Shin akabaki ulingoni kwa takriban saa nzima, kwa sababu kuondoka kungehesabiwa kuwa amekubali matokeo. Jibu lililotoka lilikuwa kwamba makadirio ya muda ni ya mwamuzi, na matokeo yanabaki. Kisheria lilikuwa jibu sahihi, na ndiyo maana linaniudhi zaidi kuliko ambavyo lingeniudhi kama lingekuwa la hila. Hila hugunduliwa na kufutwa. Kanuni inayomtaka mtu akadirie kwa macho kitu ambacho macho hayawezi kukiona itaendelea kuzaa matokeo ya namna hiyo hata mikononi mwa mwamuzi mwadilifu kuliko wote.

Kisha, akiwa bado hajakauka machozi, Shin alirudishwa ulingoni kugombea medali ya shaba na Sun Yujie wa China, akafungwa 15-11. Heidemann naye alipoteza fainali kwa pigo moja, 9-8, mbele ya Yana Shemyakina wa Ukraine. Shirikisho la kimataifa likatangaza kumpa Shin nishani maalumu ya kumpongeza kwa moyo wake na kwa kuheshimu sheria. Yeye alijibu kwamba haimfariji, kwa kuwa si medali ya Olimpiki. Sijawahi kuona jibu la mwanamichezo lililonyooka zaidi ya hilo. Ukiamini kwamba uamuzi ulikuwa halali, hakuna cha kufariji. Na ukiamini kwamba haukuwa halali, nishani isiyokuwamo katika orodha ya medali ni rushwa ya kumnyamazisha aliyeonewa. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha pamoja na wenzake katika epee ya timu, baada ya China kuwashinda kwenye fainali, na hiyo hakupewa na mtu kwa huruma.

Tangu hapo mambo yamesogea. Siku hizi, katika mashindano makubwa, sekunde kumi za mwisho huonyeshwa hadi sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo ile 1 isiyoisha haiwezi kujificha tena. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali kama lilivyokuwa mwaka 2012, kwani katika Michezo ya Paris ya mwaka 2024 Alexandra Ndolo, aliyewahi kushinda medali ya fedha ya dunia akiichezea Ujerumani, aliiwakilisha Kenya katika epee hiyo hiyo, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki vitara katika Olimpiki. Timu ya mchezaji mmoja haina jopo la wanasheria wala kocha wa pili wa kukimbia na karatasi za rufaa huku wa kwanza akibishana na mwamuzi. Ndiyo maana napendekeza kwamba pambano linapoamuliwa ndani ya sekunde ya mwisho, mapitio ya muda yafanywe bila kuombwa na bila dhamana, na wanaoyafanya wawe na uwezo wa kulifuta pigo lililokuja baada ya muda kuisha, hata kama mwamuzi alikadiria vinginevyo. Hilo halidai kifaa kipya chochote, kwa maana video ya pambano ina muda wake ndani yake, na yeyote anayejua kuhesabu picha anaweza kuusoma.