Kiongozi Wao ni Nani?

Juma lililopita, katika maonyesho ya kazi za wanafunzi hapa Kisumu, nilimsikia mwamuzi akiwauliza wasichana watatu swali ambalo linanikera hadi leo: "Kati ya boti hizi, kiongozi ni ipi?" Walikuwa wametengeneza boti sita za roboti, zinazojiendesha zenyewe, kwa vibuyu vya plastiki vilivyokatwa, nazo zilikuwa zikishirikiana kusukuma majani yaliyoelea kwenye bwawa la turubai. Walipojibu kwamba hakuna kiongozi, aliwapunguzia alama.

Kukosa kiongozi ndiko kiini cha kazi yao! Sisi sote tumewaona chungu wakifuatana hadi kwenye sukari iliyomwagika jikoni. Hakuna anayeamrisha; kila mmoja huacha harufu anakopita, na kwa kuwa njia fupi hupitiwa mara nyingi zaidi kwa muda uleule, harufu yake hukolea huku ile ya njia ndefu ikififia. Tabia hiyo ndiyo iliyompa Marco Dorigo, mtafiti wa kompyuta, msingi wa tasnifu yake kuhusu mbinu za kompyuta za kutafuta njia bora, huko Milan mwaka wa 1992. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha roboti 1,024, kila moja ikiwa na upana wa sentimita tatu hivi, zikijipanga zenyewe katika umbo la nyota kwa kuwasiliana na majirani zao wa karibu tu. Nakubali kwamba kazi hiyo ilichukua takriban nusu siku, na kwamba si rahisi kutabiri mwenendo wa kundi zima kwa kusoma kanuni za roboti moja.

Hata hivyo, tunaishi kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambako gugumaji huziba mwalo asubuhi na kufikia jioni upepo umelisukuma kwingine. Mtambo mmoja mkubwa wa kuliondoa ukiharibika, kazi yote husimama hadi kipuri kipatikane, ilhali boti ndogo arobaini zikipoteza tatu, zilizobaki huendelea.

Mmoja wa wasichana wale aliinua boti moja kutoka majini, ikiwa bado inachuruzika. Mbili zilizokuwa kando yake zilisita, zikasogeleana, zikaziba pengo, na majani yakaendelea kusukumwa. Mwamuzi alikuwa ameshageukia meza nyingine. Katika maonyesho yajayo, nawasihi waamuzi wazime boti moja kwanza, wasubiri, ndipo waandike alama.