Nakala rudufu ikae Kisumu pia

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua barua pepe, huwasha tarakilishi ya mezani iliyo katika chumba changu cha kazi hapa Mamboleo, Kisumu, nikatazama ukubwa wa faili saba za nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data, zilizoshuka wiki iliyopita, moja kila usiku, kutoka kwenye seva, kompyuta inayoendesha programu zetu, tunayoikodi Ulaya. Wenzangu wa fani hii ya kutunza programu, hasa vijana, huniona mtu wa zamani. Wao husema kwamba programu ikishawekwa kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, mwenye wingu ndiye mlinzi wake, na kwamba kuipakua hifadhidata nzima, yaani rekodi zote za programu, hadi kwenye mashine ya nyumbani ni sawa na kutoa pesa benki kila jioni ili kuzilaza chini ya godoro. Mfano huo una utamu wake, lakini haufanani na jambo lenyewe. Benki ikifunga akaunti yangu, salio langu litabaki deni juu yake. Seva ya kukodi ikifungwa, kilichomo hufutwa, na mara nyingi mkataba niliobofya kuukubali bila kuusoma unaruhusu hivyo.

Nililijua hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilianza kuhudumia programu ya ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Vihiga. Kila alfajiri karani alipima maziwa, akaingiza namba ya mkulima na idadi ya lita, na mwisho wa mwezi programu ikakokotoa malipo ya kila mtu. Nakala rudufu zilikuwapo, tena zilichukuliwa kila usiku bila kukosa, ila zilihifadhiwa katika akaunti ileile iliyobeba seva. Kadi ya benki iliyolipia akaunti hiyo ilipokwisha muda, ilani zilitumwa kwa anwani ya katibu ambaye alikuwa ameshaacha kazi, na hakuna aliyezisoma. Tulipokuja kushtuka, seva ilikuwa imefutwa, na nakala zake zote zimekwenda nayo.

Kilichotuokoa ni faili moja niliyokuwa nimeipakua kwenye laptopu yangu wiki 11 kabla, nikijaribu jambo lingine kabisa. Zile wiki 11 tulizijaza upya kutoka kwenye vitabu vidogo ambavyo wakulima hupewa, ukurasa baada ya ukurasa, tukiwa tumeweka meza nje ya ofisi kwa siku nne. Mama mmoja wa makamo aliufungua mkunjo wa leso, akatoa kitabu chake, akaniwekea mezani na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo wingu lenu mliloliwekea maziwa yetu, limenyesha wapi?" Nilimwambia, "Pole sana, mama, kosa ni letu," nikaendelea kunakili.

Haya hayawapati wadogo peke yao. Mwezi Juni 2014, kampuni ya Code Spaces, iliyowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, iliingiliwa na mtu aliyeshika usukani wa akaunti yake ya wingu la Amazon. Alifuta data pamoja na sehemu kubwa ya nakala rudufu, na kampuni ikafunga shughuli zake. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa palepale penye moto. Kinyume chake ni mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, ambao mazingira yake kwenye Google Cloud yalifutwa kimakosa Mei 2024: ulikuwa umeweka nakala kwa mtoa huduma mwingine, na nakala hizo zilisaidia kuurudisha mfumo hewani. Mimi sina uwezo wa UniSuper wa kulipia wingu la pili. Nina diski ya nje.

Kampuni nyingi huuza huduma ya kuipiga picha diski nzima ya seva, na mteja akishaona alama ya tiki kwenye ukurasa wa malipo hulala usingizi. Huduma hiyo si mbaya. Nami naitumia, kwa kuwa hurejesha seva kwa dakika chache pale sasisho linapoharibika. Lakini picha hiyo huishi ndani ya akaunti ileile, na mara nyingi haiwezi kupakuliwa. Itarejeshwa tu kwenye seva za kampuni ileile iliyoipiga. Nakala ninayoitaka mimi ni ile ninayoweza kuifungua hapa Mamboleo hata kama kampuni hiyo haipo tena kesho. Kwa hiyo hutumia amri zinazotoka na hifadhidata yenyewe, kama vile mysqldump au pg_dump, ambazo hutoa yaliyomo katika hali inayoweza kusomwa na mashine nyingine, badala ya kunakili faili za hifadhidata huku zinaandikwa, kazi ambayo huweza kukuletea kitu kilichovunjika katikati. Pamoja na hifadhidata, zipakuliwe picha na hati zilizowekwa na watumiaji, na mipangilio ya seva. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Linalohitaji maelezo ni ukubwa wa faili. Niliwahi kuitwa na mfanyabiashara mmoja wa pembejeo hapa mjini ambaye alikuwa na nakala 40, kila moja ikiwa na tarehe yake, zimepangwa vizuri kama magunia ghalani. Nilitazama safu ya ukubwa: baiti 20, baiti 20, baiti 20, hadi chini. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa, amri ya kutoa nakala ikakataliwa kila usiku, na gzip, ambayo kazi yake ni kubana chochote inacholetewa, ikawa inabana utupu. Na utupu ukibanwa na gzip huwa baiti 20. Hakuna kengele iliyolia, kwa sababu gzip, hatua ya mwisho, ilikuwa imetimiza wajibu wake. Ndiyo maana Jumatatu huanza kwa kutazama ukubwa, kisha hufungua faili moja na kushuka hadi mstari wake wa mwisho, ambapo mysqldump huandika kwamba kazi imekamilika. Mstari huo usipokuwapo, faili imekatika.

Nina msimamo mkali pia kuhusu upande unaoanzisha safari. Wengi huiagiza seva iitume nakala ofisini. Mimi huiagiza tarakilishi ya ofisini iende ikaichukue, kwa rsync, programu ya kunakili faili, kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, kwa ufunguo ulioruhusiwa kusoma folda moja tu. Seva ikitekwa, mtekaji hataikuta humo njia wala nywila ya kunifikia huku.

Watu huniambia kwamba intaneti yetu haiwezi, nami huwaomba tupige hesabu. Gigabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa mbili na dakika 13, laini isipoyumba, na nimeipanga kazi hiyo ianze saa nane usiku, watoto wa jirani wakiwa wameshaacha kutazama video. Hifadhidata ya ule ushirika, ikishabanwa, haifiki hata megabaiti 200, kwa hiyo haimalizi dakika tatu. Kikwazo chetu cha kweli ni stima, hasa mvua za jioni zinaposhuka kwa radi kutoka upande wa Nandi. Amri ya scp, ambayo nayo hunakili faili, ikikatwa njiani huanza upya. Rsync, ikielekezwa kuhifadhi kipande kilichokwisha kufika, huendelea ilipoishia. Na siku ya Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kukokota, mweka hazina wa ushirika aliniuliza salio la mkulima mmoja kwa simu, nikamjibu kutoka kwenye nakala iliyoshuka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hoja moja ya wapinzani wangu naikubali bila ubishi. Nakala iliyo mezani inaweza kuibwa pamoja na meza. Ndani yake mna majina, namba za vitambulisho na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitamsamehe aliyeziacha wazi kwa sababu eti alikuwa na nia njema. Diski yangu imesimbwa yote, haisomeki bila nywila, na nywila yake imeandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa kwenye sefu ya ushirika, mbali na diski yenyewe. Nakala zenye umri wa zaidi ya miezi sita hufutwa, isipokuwa ile ya kufunga mwaka wa hesabu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hurejesha nakala moja kwenye hifadhidata tupu, na mhasibu wa ushirika huja na vitabu vitatu alivyoviokota bila mpango. Mwezi uliopita viwili vililingana. Cha tatu kilionyesha lita tisa mahali ambapo nakala ilisema saba. Tulirejesha nakala ya usiku uliotangulia, tukaona saba; tukatazama kwenye seva yenyewe, saba. Mhasibu alikigeuza kitabu kuelekea dirishani, akaona kwamba ile tisa ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine, akakifunga, akaomba aazimwe pikipiki yangu ili awahi zamu ya jioni ya karani.