Wazungu wanalia na Kispanyola kidogo, na sisi Kiha, lugha yetu ya Kigoma, tumekificha wapi?

Jamani juzi hapa Leeds, Uingereza, watu kazini wamegombana kisa muvi ya West Side Story, ile aliyoirudia dairekta Spielberg 2021, eti wahusika wanaongea Kispanyola na chini hakuna maandishi ya tafsiri. Dada mmoja amekasirika kweli, anasema analipia tivi kila mwezi halafu anafanywa mgeni sebuleni kwake. Mwingine akamwambia si uangalie sura zao, utaelewa tu. Nikasema huyu angefaa Ujiji, kwetu Kigoma.

Maana sisi tuliokulia vibanda umiza vya Kigoma nani alituwekea tafsiri? Muvi ya Kihindi masaa matatu, maandishi yakiwepo ni Kiingereza ambacho hatukisomi, turubai limeziba dirisha, tivi ya kichogo iko juu ya meza, na stelingi akimlilia mama yake benchi zima linalia naye. Pembeni kuna kaka aliyeiona jana anasimulia kabla haijatokea, anatukanwa anyamaze. Kwa hilo najivunia watu wa kwetu, macho yao yanasoma muvi kuliko hawa.

Spielberg aliulizwa kwenye intavyuu akasema hakuweka maandishi kwa kukiheshimu Kispanyola, angeyaweka angekipa Kiingereza nguvu juu ya mwenzie. Na sababu alikuwa nayo, ile ya 1961 ilibeba Oscar 10 lakini Maria, binti wa Puerto Rico, kachezwa na Natalie Wood ambaye hana asili ya huko, na Rita Moreno aliyezaliwa kulekule bado wakampaka rangi usoni aonekane mweusi zaidi. Kuirudia muvi kwa namna hiyo kuna maana, umeona palipokosewa unaparekebisha.

Sasa muvi zetu, mtu wa Kigoma akitokea ni mganga au ni wa kuchekwa, lafudhi imevutwa mpaka haifanani na mtu yeyote wa Kasulu wala Buhigwe! Inaniuma sana. Nenda Kibirizi pale Kigoma boti zikiingia, utasikia Kiha, Kibembe, Kiswahili cha Kongo, watu wanapatana bei ya dagaa na hakuna anayesimamisha biashara aombe mkalimani. Mbona hayo hayaingii kwenye muvi?

Najua mtu ataandika "umefika Ulaya unatufundisha". Ndugu yangu nimetoka kukwambia hapa Ulaya ndo wanalalamika, nyie mnaoelewa ndo nawasemea. Mwingine atasema muvi ya Kiha nani ataangalia Dar, kwani tamthilia za Kikorea walizokesha nazo walikuwa wanakijua Kikorea?

Halafu dairekta wetu akisema tu kwenye intavyuu kwamba stori kaitoa Nigeria tunamshukia wiki nzima, mwizi, hana akili. Acheni hizo, hata West Side Story yenyewe imejengwa juu ya Romeo na Juliet. Mbaneni kwa kitu cha maana, mwambieni ulipoigeuza umemweka nani humo ndani, anaongea kama kwao au umemlisha maneno ya Sinza, Dar?

Mimi nataka nimuone kwenye muvi mama muuza samaki wa migebuka wa Katonga, Kigoma, anamgombeza mwanae kwa Kiha mwanzo mpaka mwisho, chini pasiwe na mstari hata mmoja, na dairekta akiulizwa asiombe radhi.