Hesabu Saa Kwanza, Mji Baadaye

Wengi huanza na jina. Paris, Istanbul, Dubai, Tokyo: mtu kaona picha, jina limemkaa kichwani, kisha anailazimisha likizo yake ya siku tano iingie humo hata kama haienei. Naona mpangilio huo umekaa miguu juu. Kwa likizo fupi ya mara moja kwa mwaka, mji ndio uamuliwe mwisho. Kabla yake kuna saa, kalenda na pasipoti. Ukishamalizana na hivyo vitatu, orodha ya miji ishirini hubaki na mitatu au minne, na kuchagua katika hiyo ni raha tupu.

Saa ndizo watu hujidanganya nazo zaidi. Chukua safari ya Jumatano hadi Jumapili, ambayo kwa mdomo ni siku tano. Ndege inatua saa tisa alasiri. Foleni ya uhamiaji na kusubiri begi, saa moja. Kufika mjini, saa moja nyingine. Ukishachukua chumba, ukaoga na kutoka, ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumatano imebakiza saa tatu. Jumapili ndege inaondoka saa nane mchana, kwa hiyo uwanjani unatakiwa saa tano na hotelini unaondoka saa nne. Jumapili basi haipo. Zimebaki siku tatu kamili, na kwa siku mtu hutembea akiwa na furaha kama saa kumi hivi kabla miguu haijagoma. Jumla, saa 33.

Sasa badilisha ndege tu, mji uwe uleule. Chukua inayotua saa mbili asubuhi Jumatano, na ya kurudi iwe ya saa tatu usiku Jumapili. Begi unaliacha mapokezi, maana hoteli nyingi hupokea mzigo hata kama chumba bado hakijawa tayari, na saa tano asubuhi uko barabarani. Jumapili unazurura hadi saa kumi na moja jioni. Umepata karibu saa 46. Hiyo tofauti ya saa 13 ni zaidi ya siku nzima ya likizo, na ukurasa wa kununulia tiketi haukuambii. Ndege ya kutua asubuhi mara nyingi huruka usiku kucha, kwa hiyo asiyeweza kusinzia kitini apunguze saa nne za siku ya kwanza. Hata hivyo bado anafaidi.

Kuunganisha ndege kunakula saa tatu au nne kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa likizo isiyofika siku sita, mimi hubakiza tu miji yenye ndege ya moja kwa moja. Mji wa kuunganisha unaingia endapo safari nzima haizidi saa kumi, kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa hoteli. Zaidi ya hapo unalipia kukaa viwanjani.

Majina ya viwanja nayo yana danganya toto yake. Uwanja wa Beauvais huuzwa kama Paris, nao uko kilomita 80 hivi kutoka Paris. Frankfurt-Hahn iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt, na Torp inayoitwa Oslo iko mbali vivyo hivyo. Tiketi rahisi ya kutua huko inakutoza saa nne za basi kwa kwenda na kurudi, ukihesabu na kulisubiri. Lakini usipime kwa kilomita peke yake. Uwanja wa Kuala Lumpur uko zaidi ya kilomita 50 nje ya mji, na treni yake ya haraka inakufikisha katikati kwa nusu saa hivi. Kuna viwanja vya kilomita 15 ambavyo teksi hukwama barabarani saa nzima. Copenhagen ni dakika 15 kwa metro. Lisbon uwanja umo ndani ya mji na metro inaingia hadi hapo. Tokyo ina Narita, kilomita 60 hivi, na Haneda, chini ya 20, na Istanbul ina viwanja viwili katika mabara mawili. Kwa miji ya namna hiyo, soma herufi tatu za kutambulisha uwanja kwenye tiketi kabla ya kulipa, hasa tiketi ya kuunganisha: zipo zinazokushusha Heathrow na kukutaka uondokee Gatwick, vyote viwanja vya London, na kukuvusha na begi lako ni kazi yako mwenyewe.

Kuna tofauti ya saa kati ya miji pia. Mwili huzoea mwendo wa saa moja hivi kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi, kwa kuwa saa ya ndani ya mwili huzidi kidogo 24, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Mji ulio saa saba mashariki utaanza kuuzoea siku unayopanga begi kurudi. Kwa siku tano, mpaka wangu ni saa tatu kwenda mashariki na nne au tano kwenda magharibi. Ndiyo maana safari ya kaskazini na kusini ni ya kutazamwa upya: London hadi Johannesburg ni saa 11 angani, lakini saa za ukutani hutofautiana kwa moja au mbili tu. Unashuka umechoka kwa kukaa, na usiku huohuo unalala kama kawaida.

Kalenda sasa. Hali ya hewa kila mtu huangalia, ila wengi hutazama joto la wastani na kuishia hapo. Helsinki katika Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa tisa alasiri. Mji ni mzuri, lakini nusu ya saa zako ulizozihesabu kwa uchungu ni giza. Mumbai hupata masika yake kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai pekee huleta zaidi ya milimita 700. Dubai mwezi huo joto la mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo utauona mji kupitia vioo. Singapore haina kiangazi cha kungojea, nenda wakati wowote na mwavuli. Cape Town mvua zake ni za Juni hadi Agosti, na hata msimu wa jua upepo wa kusini-mashariki unaweza kusimamisha kigari cha waya kinachopanda Table Mountain, kwa hiyo panda nacho siku ya kwanza yenye utulivu. Usikiwekee siku ya mwisho.

Halafu kuna sikukuu za wenyeji. Mwishoni mwa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei Japani nzima iko safarini. Wiki ya Oktoba mosi ni zamu ya China. Katikati ya Agosti maduka mengi madogo ya miji ya Italia huwa yamefungwa, wenyewe wako pwani. Kisichoonekana kwenye kalenda za sikukuu ni maonyesho ya biashara: wiki ya maonyesho ya samani Milan, Aprili, au ya vitabu Frankfurt, Oktoba, vyumba huisha na vilivyobaki hupanda bei bila aibu. Kipimo ni rahisi. Tafuta chumba kwa tarehe zako, kisha kwa wiki moja kabla na wiki moja baada. Bei ikiruka katikati peke yake, kuna jambo mjini, na si la kwako.

Pasipoti ndiyo hukata mzizi wa fitina. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita ya uhai. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Anayehitaji viza ya Schengen anaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na asichelewe kupita siku 15. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Kinachokwamisha watu ni miadi ya kupeleka karatasi, ambayo misimu ya likizo hujaa wiki kadhaa mbele, na muda wote ombi likishughulikiwa pasipoti huenda ikabaki kwao. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingilia. Bima ya safari lazima ifike walau euro 30,000. Na soma idadi ya maingilio: Dubrovnik ni Schengen tangu Januari 2023, wakati Mostar, safari ya siku moja inayouzwa kila kona ya Dubrovnik, iko Bosnia. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda kuona daraja la kale la Mostar, jioni harudi.

Usinunue tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kugongwa. Hoteli weka ile inayofutika. Angalia pia nchi unayobadilishia ndege, maana baadhi hutaka viza hata kwa asiyetoka nje ya uwanja, kutegemea uraia wake, na ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali mara nyingi utalazimika kuingia nchini kuchukua begi na kujiandikisha upya. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo na tangu 2016 hudumu maisha. Nchi zinazokidai zinaweza kukidai hata kwa aliyepita uwanja wa nchi yenye ugonjwa akakaa zaidi ya saa 12.

Hapo orodha imeshapungua yenyewe. Miji iliyobaki iulize swali moja: ni kitu gani kimoja ambacho nikikikosa nitaona nimepoteza safari? Kisha ukifuate hicho hadi mlangoni. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto, hufungwa Jumatatu. Jumba la Topkapi hufungwa Jumanne, na Grand Bazaar ya Istanbul Jumapili, siku ileile watu wanayoiwekea zawadi za mwisho kabla ya ndege. Taj Mahal hufungwa Ijumaa. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure na foleni yake ni adhabu. Mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo, Milan, hutazamwa kwa makundi madogo, dakika 15 tu, kwa tiketi iliyowekwa mapema. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, huuza tiketi mtandaoni tu, kila Jumanne, za wiki sita mbele. Alhambra, Granada, hukupangia saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasrid, na ukiipita hiyo saa utabaki kwenye bustani. Kwa mambo ya aina hii, tarehe ya tiketi ya mlangoni ndiyo iongoze tarehe ya ndege.

Swali la mji mmoja au miwili, jibu langu ni mmoja. Hoteli nyingi hukutoa chumbani saa tano au sita, na ile ya pili inakupokea saa nane au tisa. Katikati hapo unaburura begi kati ya stesheni mbili. Kila kuhama ni saa tano, na una 46. Ukitaka mabadiliko, toka asubuhi na urudi jioni bila begi: Madrid kwenda Toledo ni nusu saa kwa treni ya kasi, Brussels kwenda Bruges ni saa moja, Lisbon kwenda Sintra dakika 40. Ninachokikubali ni kuingilia mji mmoja na kuondokea mwingine ulio mbele kwenye reli hiyohiyo, kwa mfano Milan kisha Venice, kama saa mbili na nusu, kwa sababu hulazimiki kurudi nyuma kuifuata ndege.

Ukubwa nao usikutishe wala kukulaghai. Wapo wanaodharau miji mikubwa na kumtuma kila mtu Porto, Lyon au Valencia. Kwa siku tatu ushauri huo mara nyingi ni sahihi, kwa kuwa unatembea kwa miguu na hupotezi muda kwenye treni za chini ya ardhi. Lakini hata Tokyo inafaa kwa siku chache, mradi uchague mitaa miwili au mitatu na mengine uyaachie mwaka kesho. Reli ya Yamanote peke yake huzunguka katikati ya Tokyo kwa saa nzima, na anayejaribu kushuka vituo vyake vyote 30 atakumbuka ngazi tu.

Ukibaki na miji miwili iliyolingana kwa kila kitu, linganisha ndege za kurudi. Ya saa kumi na mbili asubuhi inakutaka uwanjani saa tisa au kumi usiku. Tokyo treni hulala kuanzia karibu saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo huko tiketi hiyo maana yake ni teksi ndefu au usiku mzima kwenye viti vya uwanja. Copenhagen metro hutembea usiku kucha, na tiketi ileile ya alfajiri ningeichukua bila kufikiri mara mbili.