Daraja la Salfa Katika Kinga ya Mmea: Wanaolitilia Shaka Wasikilizwe

Mmea ukivamiwa na bakteria hutengeneza asidi ya salisiliki, kemikali inayoamsha kinga, na hali ya redoksi ndani ya seli, yaani mizani ya kutoa na kupokea elektroni, huyumba. Maelezo yaliyozoeleka tangu 2003 ni kwamba molekuli za protini NPR1 ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, zilizofungamana kwa madaraja ya salfa nje ya kiini cha seli, huachana, zikaingia kiini na kuwezesha jeni za kinga kuwaka. Mwaka huohuo ikaelezwa kuwa TGA1, protini inayoshika DNA, nayo ina sisteini mbili (amino asidi zenye salfa), ya 260 na ya 266 katika mnyororo wake, zilizounganishwa kwa daraja la namna hiyo. Likikatika, TGA1 huweza kushikana na NPR1.

Kwa NPR1 hoja hiyo ina mashiko. Ukibadilisha sisteini ya 82 au ya 216, protini huingia kiini na jeni za kinga huwaka hata bila kichocheo. Mwaka 2008 ikaonekana pia kwamba thioredoksini, protini inayokata madaraja ya salfa, huifungua. Sina ugomvi na hayo.

Tatizo ni TGA1. Mwaka 2021 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walichukua mimea isiyo na TGA1 wala ndugu yake TGA4, wakairudishia TGA1 iliyobadilishwa sisteini zake nne, hivyo daraja lisingeweza kufungika kamwe. Kama daraja ndilo swichi, mimea hii ingetofautiana na ile iliyorudishiwa TGA1 ya kawaida. Haikutofautiana. Jeni zinazoitegemea TGA1 ziliitikia asidi ya salisiliki na bakteria vilevile.

Ni kuwaonea watafiti hawa kusema wanakana redoksi. Daraja lipo, na hali yake hubadilika jani likipewa asidi ya salisiliki, hilo hawalipingi. Wanachouliza ni kama badiliko hilo lina kazi yoyote. Seli iliyovamiwa imejaa sisteini zinazoguswa kwa wakati mmoja, na kuguswa pekee hakuthibitishi kwamba sisteini hiyo ndiyo inayoamua. Tena dalili ilikuwepo tangu mwanzo: TGA2, ndugu mwingine wa TGA1, katika nafasi hizohizo mbili, ina asparajini na serini, amino asidi zisizo na salfa. Haina daraja la kukatwa, na bado hushikana na NPR1 bila shida. Kwangu hilo peke yake lilitosha kutufanya tusubiri jaribio la mmea mzima kabla ya kuchora swichi kwenye kila mchoro wa kufundishia.

Nakubali kwamba jaribio hilo lilipima asidi ya salisiliki na vimelea tu. TGA1 hufanya kazi pia mizizini, mmea unapoitikia naitreti, na huenda huko daraja lina maana. Hata picha ya NPR1 yenyewe imebadilika: muundo uliochapishwa 2022 uliionyesha ikiwa pacha, ikiunganisha jozi mbili za TGA3, protini nyingine ya ukoo wa TGA1, wakati maelezo ya zamani yaliitaka iwe moja moja.

Jeni ya NPR1 ya Arabidopsis imeshaingizwa kwenye mpunga na michungwa ili kuongeza kinga. Anayetaka kuzihariri sisteini za TGA1 kwa lengo hilohilo aanze na matokeo ya Göttingen, kwa sababu kwa ushahidi uliopo kinga ya mmea wake haitabadilika.