Kanisa kusimama sio ushahidi

We ndugu unasema stori ya Rangiaowhia, kile kijiji cha Wamaori (wenyeji wa New Zealand) ambako inasemekana wanajeshi wa Waingereza walichoma watu ndani ya nyumba ya ibada, ni uzushi eti kwa vile kanisa la St Paul's lipo mpaka leo, aisee unachanganya mambo. Ubishi ni kama nyumba iliyoungua ilikuwa ya ibada au ya kuishi tu, ila kwamba iliungua watu wakiwa ndani hilo hata upande wa Waingereza waliandika wenyewe. Jumapili alfajiri 21 Februari 1864, jeshi la Jenerali Cameron wa Waingereza limeikwepa ngome ya Wamaori ya Paterangi usiku usiku likaja kuvamia kijiji hicho kilichokuwa kinalisha wapiganaji wa Kimaori, waliobaki pale wengi ni kina mama, wazee na watoto. Kuna mzee alitoka kwenye moto kanyoosha mikono juu akapigwa risasi, na hiyo iko kwenye maelezo ya askari jamani sio ya Wamaori peke yao!! Ripoti ya serikali inasema wamekufa 12, wajukuu zao wanasema ni zaidi, na mi nawaelewa maana aliyehesabu ndo huyohuyo aliyevamia. Kanali Nixon wa upande wa Waingereza naye alipigwa risasi hapohapo akaja kufa baadae, huyo kajengewa mnara Otahuhu, kule Auckland.